Siagi ya Kerrygold, na winga aliyeiuza

Ipake kwenye nduma iliyochemshwa, ingali inafuka moshi. Hapo ndipo utaijua siagi hii. Chumvi yake haifuniki maziwa, na hata ikitoka kwenye friji hukubali kisu. Umanjano wake unatokana na malisho: ng'ombe wa Ayalandi hula nyasi mbichi sehemu kubwa ya mwaka.

Sisi tuliokulia kwenye raga tuna sababu nyingine ya kuinunua: Tony O'Reilly, yule winga aliyeiuza. Kijana wa Dublin, mzaliwa wa 1936, alianza kuichezea Ayalandi 1955 akiwa na miaka 18. Mwaka huohuo British Lions, timu teule ya wachezaji wa Uingereza na Ayalandi, wakamchukua Afrika Kusini. Pale Ellis Park, Johannesburg, waliwashinda wenyeji 23-22, naye akafunga trai, yaani bao la kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli. Wakiwa njiani kurudi, Lions walipitia Nairobi wakaichapa timu ya Afrika Mashariki 39-12, hapo hapo Ngong Road. Ziara ya 1959 ikampeleka Australia na New Zealand, na trai zake 6 katika mechi kuu za Lions hakuna aliyezifikia mpaka leo.

Zama hizo raga hailipi hata senti, kwa hiyo winga lazima awe na kazi. Yake ilikuwa kuongoza An Bord Bainne, bodi ya kuuza maziwa ya wakulima nje ya nchi. Mwaka 1962 siagi yao ikaingia Uingereza kwa jina moja, Kerrygold, na wakati huo bado alikuwa akivaa jezi ya taifa! Hili ndilo ninalomheshimia zaidi, kuliko utajiri uliofuata. Akaenda Heinz, kampuni ya vyakula ya Marekani, akamiliki magazeti. Mwaka 1970 Ayalandi ilimwita tena kucheza dhidi ya Uingereza pale Twickenham, London, miaka saba tangu mechi yake ya mwisho. Baadaye Waterford Wedgwood, kampuni ya vyombo vya kioo na kauri aliyoiongoza, ilianguka 2009, na 2015 mahakama ikamtangaza mufilisi. Alifariki Mei 2024. Siagi ya wakulima wale ingali inauzwa.

Bei iko juu kidogo ya siagi za kawaida, lakini mimi nailipa bila kunung'unika. Ya karatasi ya dhahabu ina chumvi, ni ya mkate na nduma. Ya keki ni ile ya karatasi ya fedha. Chapati zipikeni kwa mafuta mengine, maana siagi yoyote huungua kwenye moto mkali.