Miaka sita na Mack Granite: mbwa wa dhahabu kwenye boneti ana maana yake

Watu wengi wananiuliza hili tipa ninaloendesha huku Pennsylvania ni gari gani na kwanini nimeling'ang'ania, wengine ni ndugu zangu wapo Texas na Ohio, wamechoka kuendesha la tajiri wanataka la kwao, kwahiyo nimeamua niandike yote kwa mara moja. Ni Mack Granite ya 2016, Mack ni kampuni ya malori ya huku Marekani, injini MP8 ya lita 13, nguvu ya farasi 425, giaboksi ni mDRIVE ya gia 12 haina klachi ya kukanyaga, springi za chuma aina ya Camelback. Nililinunua mkononi mwa mtu miaka sita iliyopita na kazi yake ni kokoto na lami ya moto, basi, kokoto asubuhi lami mchana, tangu mwezi wa tatu mpaka baridi ifunge viwanda vya lami.

Nianze na mbwa maana ndo kila mtu anamuuliza. Juu ya boneti ya kila Mack kuna kimbwa aina ya bulldog, kakaza kifua kama anataka kuruka. Akiwa wa dhahabu ina maana injini, giaboksi na ekseli vyote ni vya Mack mwenyewe. Akiwa wa rangi ya fedha, kuna kimojawapo hapo chini kimetoka kampuni nyingine. Yaani lori linakuja kwa mbele bado hata hujasikia muungurumo wake na ushajua tumboni limebeba nini, hakuna kampuni nyingine ya malori ninayoijua inayokuambia hivyo waziwazi.

Sasa sikiliza. Kabla ya hili langu nilienda New Jersey kuangalia jingine, muuzaji kalipiga picha vizuri, mbwa wa dhahabu anang'aa kweli. Nilipofika nikasimama mbele ya boneti nikaona kitu hakikai sawa, kromu yote ya pembeni imekula chumvi ina vidonda vidonda, lakini mbwa ni mpya kabisa kama katoka kwenye boksi jana. Nikavua koti nikalala chini kwenye barafu nikaingia tumboni na tochi, nikapangusa tope kwenye kibati cha giaboksi, jina la kampuni nyingine. Sio kwamba ile giaboksi ilikuwa mbaya, madereva wengi wanaipenda, ila mtu kamtoa mbwa wa fedha kaweka wa dhahabu ili apandishe bei, na nilipomuuliza akasema aliuziwa hivyo hivyo. Niliondoka bila kubishana naye. Tangu siku hiyo kila anayeniomba ushauri namwambia usimwamini mbwa, chukua namba ya chasi nenda nayo kwa wakala wa Mack, watakutolea karatasi ya vile lori lilivyotoka kiwandani mpaka aina ya difu.

Historia yake mimi naipenda na naomba mnivumilie. Jack Mack na mdogo wake Gus walinunua kiwanda kidogo cha magari ya farasi Brooklyn, New York, 1893. Mwaka 1900 wakatoa gari lao la kwanza la injini, lilikuwa basi la abiria 20, la kutembeza watu kwenye bustani ya Prospect Park. Basi lile lilifanya kazi miaka 8 kama basi, halafu likageuzwa lori likapiga mzigo miaka mingine 9. Hapo ndo unaelewa watu hawa walikuwa na akili ya namna gani kuhusu chuma. Mwaka 1905 wakahamia Allentown, hapa hapa Pennsylvania, na mpaka leo malori makubwa ya Mack yanaunganishwa Macungie, mji mdogo jirani na Allentown, napita karibu na kiwanda hicho mara kwa mara nikiwa na mzigo. Jack mwenyewe alifariki 1924, gari lake dogo liligongana na treni ya umeme, huku huku Pennsylvania.

Jina la mbwa lilitoka vitani. Lori lao la AC lilianza 1916, pua butu, rejeta imekaa nyuma ya injini badala ya mbele, magurudumu ya nyuma yanavutwa na cheni. Yalipelekwa maelfu kwenye vita ya kwanza ya dunia, na inasemwa ni askari wa Kiingereza walioanza kuyaita bulldog kwa ile sura na vile yalivyokuwa yanalazimisha kupita kwenye tope. Kampuni ikalichukua jina. Baadaye 1932, injinia mkuu Alfred Masury akiwa hospitali amefanyiwa upasuaji, akachonga kwa mkono wake yule mbwa wa kwenye boneti, ndo huyu tunaye mpaka leo. Mwaka uliofuata Masury alikuwa mgeni kwenye Akron, chombo kikubwa cha angani kilichobebwa na gesi kama puto, cha jeshi la majini la Marekani, kikaanguka baharini nje ya New Jersey usiku wa dhoruba na watu 73 kati ya 76 wakafa, yeye mmojawapo. Nikimfuta huyu mbwa Jumamosi asubuhi huwa namkumbuka, alimuona kwenye boneti kwa muda mfupi sana.

Allentown kuna makumbusho ya Mack na nilienda. Nilisimama kwenye AC nikapiga simu ya video kwa baba, yuko Iringa, yeye alianza kama utingo akaja kuwa dereva wa Scania 112 njia ya Tunduma, Kitonga kaipanda na kuishuka mara zisizo na idadi. Shikamoo baba, marahaba, nikamuonyesha ile cheni. Cheni nene kuliko kifundo cha mkono wangu. Alikaa kimya akiangalia halafu akauliza, "Grisi wanapaka kila baada ya safari ngapi?" Hakuuliza bei wala spidi. Nilimtafuta mzee mmoja anayejitolea pale anieleze, tukaongea nusu saa nzima mimi nikitafsiri katikati, baba anauliza breki, anauliza tairi za mpira mgumu zisizo na upepo, yule mzee anajibu kwa furaha kama amepata mtoto wa kijiji chake.

Kitu kingine cha zamani ambacho bado kina maana kwa dereva ni injini ya Maxidyne ya 1966, farasi 237. Malori ya wakati ule yalikuwa na nguvu kwenye sehemu ndogo tu ya mzunguko wa injini kwahiyo dereva anabadilisha gia mkono haupumziki, gia 10 na zaidi. Maxidyne ilishika nguvu karibu ile ile kuanzia mizunguko 1,200 mpaka 2,100 kwa hiyo gia 5 zikatosha. Wazee wa machimbo ya kokoto huku bado wanaisimulia.

Sasa ukweli mwingine lazima usemwe. Renault ya Ufaransa iliichukua Mack yote 1990, na 2001 ikaingia chini ya Volvo ya Sweden. MP8 yangu ni ndugu wa damu wa injini D13 ya Volvo, zote zinatengenezwa Hagerstown, Maryland, na mDRIVE ni ndugu wa I-Shift, giaboksi ya Volvo. Wapo wanaosema basi mbwa wa dhahabu siku hizi hana haki ya kuwa wa dhahabu. Mimi nawaelewa ila sikubaliani nao, chasi, kebini, ekseli na springi ni akili ya Mack, na kwenye kazi yangu ndivyo vinavyoumia.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Pennsylvania tipa la aina yangu, lenye ekseli tatu nyuma, moja ya kunyanyua, linaruhusiwa uzito wote paundi 73,280, na ukitoa uzito wa gari tupu unabaki na kama tani 23 za huku, yaani za paundi 2,000 kila moja. Ukiwa machimboni chini kabisa shimoni, barabara ya kokoto mbichi, kona na mlima kwa pamoja, ndo utajua umenunua nini. Camelback ni springi za chuma tupu zilizopinda kama nundu ya ngamia, katikati zimeshikwa kwenye chasi, na zile ekseli mbili zinapishana, moja inapanda jiwe nyingine inashuka shimo na bodi juu inabaki imetulia. Ukiwa tupu kwenye lami zinatikisa, mgongo utasema, huo ndo ukweli na anayetaka ulaini anunue lenye springi za upepo. Difu za Mack zimeingizwa kwa juu ya ekseli sio kwa mbele, kwahiyo propela shafti inakaa juu na inaenda karibu imenyooka. Nilipomuonyesha baba tumboni kwa simu hilo aliliona kabla sijamwambia, akasema hapo jiwe haligusi.

Kushuka mlima na tani 23 natumia breki ya injini, Mack wanaiita PowerLeash, mDRIVE inashusha gia yenyewe na naweza kushuka mlima mrefu mguu uko pembeni, breki za magurudumu nazihifadhi kwa ajili ya taa nyekundu kule chini. Mahali mDRIVE inanifurahisha zaidi ni kwenye lami. Unarudi nyuma mpaka roli za mashine ya kutandaza ziguse tairi zako, unanyanyua bodi taratibu, mvuke wa lami unapanda kwenye vioo huoni kitu unasikiliza honi ya msimamizi tu, na mashine inakusukuma inchi kwa inchi. Kwa klachi ya mguu siku nzima goti linakufa, mimi najua nimefanya hiyo kazi miaka mitatu kwenye lori la mtu.

Mafuta maili 4 na kitu mpaka 5 kwa galoni, kwa kazi hii sitegemei zaidi. Kwa safari ndefu ya kulala njiani nisingelichukua Granite, halikutengenezwa kwa hiyo, kebini ni fupi. Watafute Pinnacle au Anthem.

Moshi. Hili ni la malori yote ya Marekani, chujio la moshi lilianza na sheria ya 2007 na ile dawa ya mkojo wa kemikali inayoitwa DEF ikaja na ya 2010. Siku moja lori likapunguza nguvu lenyewe nikiwa na mzigo, nikalipeleka gereji moja, sitaitaja, wakabadilisha sensa, wakabadilisha nyingine, wiki mbili na pesa nyingi. Gereji ya pili fundi kijana akafuata waya kwa vidole tangu mwanzo mpaka mwisho, akakuta umelika na chumvi ya barabarani sehemu ya urefu wa kidole gumba, saa moja kazi imeisha. Kabla ya kukubali spea yoyote mwambie fundi akuonyeshe waya.

Na chumvi hiyo ndo adui mkubwa kuliko kitu chochote huku. Ukienda kununua lori la majimbo ya baridi chukua nyundo ndogo, gonga chasi kati ya zile bamba mbili zilizopachikana, kutu ikiwa imeingia katikati inazisukuma zinatanuka, ukiona hivyo rudi nyumbani hata mbwa awe wa dhahabu kweli. Langu naliosha tumboni kila wiki wakati wa baridi, kwa maji ya moto.

Wanaouliza kulipeleka nyumbani. Usukani uko kushoto. Kenya hawasajili usukani wa kushoto isipokuwa magari ya kazi maalum, na gari lisizidi miaka 8, kwahiyo hapo sahau. Tanzania tunaendesha kushoto, kulipita lori mwenzio na usukani huo kwenye barabara nyembamba ni hatari, mimi siwezi kumpa ndugu yangu. Congo wanaendesha kulia, hapo usukani unakubali, ila uliza kwanza spea za MP8 zitatoka wapi na fundi mwenye kompyuta yake yuko mji gani. Mack za usukani wa kulia zipo, zinaunganishwa Brisbane, Australia.

Langu mimi halisafiri. Viwanda vya lami vinafungua wiki tatu zijazo, bushi za Camelback za upande wa kushoto zimeisha na ziko njiani, na Jumamosi baba kaniambia nimpigie nikianza kufungua anataka kuona.