Suti ya mvua niliyonunua Mwanga: koti nalisifu, suruali sijaisamehe

Maji yaliingilia katikati ya mapaja. Si shingoni, si mikononi, si kwenye zipu. Katikati ya mapaja, pale pale mtu anapokalia kiti, na tangu siku hiyo nina hasira na mshono mmoja usiozidi urefu wa kiganja changu.

Nazungumzia suti ya mvua, koti na suruali yake, niliyonunua Mwanga hapa Kigoma, kwenye duka la vipuri vya pikipiki, kwa Sh 35,000. Jina la duka silitaji. Kijana wa dukani aliniuzia kwa kinywa chake kwamba hii ni ya mwendesha pikipiki, si yale makoti mepesi ya kwendea sokoni. "Hata uende Manyovu na kurudi, dada, ndani unabaki mkavu." Nalishikilia neno lake hilo la Manyovu, maana huko ndiko ninakokwenda.

Mimi ni afisa ugani, shughuli yangu ni kahawa. Naishi Mwandiga, wakulima wangu wako juu, Kalinzi na vijiji vinavyofuata ukielekea Manyovu, mpakani na Burundi. Lami ipo, kilomita kama 60 kutoka Mwandiga mpaka Manyovu, na naishukuru, lakini lami haipunguzi baridi. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Milima ya Kalinzi inapita mita 1,500. Mtu anaondoka Kibirizi, kando ya ziwa, shati limemganda kwa jasho, akifika kona za juu anakuta ukungu umelalia mibuni na wazee wamevaa majaketi saa sita mchana. Hapo bado hujaweka mvua, na hujaweka upepo anaojitengenezea mwendeshaji mwenyewe kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Lile joto la Kigoma analolisimulia kila mgeni, huko juu halipo.

Na siwezi kusubiri mvua iishe. Kwetu ikianza Oktoba au Novemba inakuja kupumzika Mei, na ndiyo miezi ambayo mibuni inanihitaji. Chule buni na kutu ya majani ni magonjwa yanayopenda unyevu. Mkulima akipiga simu kwamba buni changa zinashika madoa meusi na kudondoka, huwezi kumjibu kuwa utakuja jua likitoka. Unavaa, unapiga kiki, unapanda.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya msimu, mvua zimeshachanganya. Niliondoka na manyunyu, na kabla sijafika nusu ya mlima ikashuka mvua yenyewe, ya kupiga helmeti kwa kelele mpaka injini huisikii. Nitasema kweli yote: mwanzoni nilifurahi. Koti lilikuwa linafanya kazi. Maji yanatiririka kifuani, nayaona, na ndani nina joto langu. Mikono yake ina mpira wa ndani unaobana kifundo cha mkono, halafu kitambaa cha pili kinafunika juu, kwa hiyo yale maji yanayopenda kupanda mkononi ukishika usukani hayakupata njia. Kola imepanda mpaka chini ya helmeti. Zipu imefunikwa mara mbili. Nikawa najisemea kwamba hatimaye nimepata kitu cha maana.

Kisha nikahisi ubaridi mdogo, kama mtu amenibandika sarafu. Nikadhani ni jasho. Baada ya kona mbili tatu ile sarafu imekuwa sahani, na baada ya hapo sikuwa tena na la kudhani: nilikuwa nimekalia maji.

Asiyeendesha anaweza kuona ni jambo dogo, sehemu moja tu imelowa, mwili mzima mkavu. Sivyo. Kwenye pikipiki maji yote ya mbele yana safari moja. Yanateremka kifuani, yanateremka kwenye tangi, na yote yanakutana mapajani, kwa sababu umekaa, na mapaja yako na tangi vimeshafanya bakuli. Yanasimama hapo. Uzito wako unayakandamiza kila pikipiki inaporuka kwenye shimo. Mshono wowote una matundu ya sindano, mengi, na njia ya kuyaziba inajulikana: upande wa ndani unabandikwa mkanda wa plastiki kwa joto, juu ya mshono, mwanzo hadi mwisho. Nilipofika nyumbani niliigeuza ile suruali ndani nje. Mkanda upo kwenye miguu, pembeni kote, umenyooka vizuri. Upo hata kwenye mifuko. Unapofika pale mishono minne inapokutana, chini kabisa, mkanda unaishia. Uzi mtupu. Yaani mahali pekee ambapo maji hukaa ndipo mahali pekee palipoachwa wazi! Aliyeshona hii hajawahi kukaa kwenye pikipiki mvua inanyesha, na aliyeandika kwenye karatasi ya nje kuwa haipitishi maji naye hajawahi.

Baridi ya namna ile haibaki ilipoingia. Ilishuka magotini, magoti yakaanza kutikisika, na goti likitikisika mguu hauna adabu kwenye breki. Breki yangu ya nyuma ni ya ngoma, ikishanywa maji inashika kwa kuchelewa, inataka uiburuze kidogo kidogo ili ipate joto ikauke. Hiyo ni kazi ya mguu uliotulia. Vidole navyo vikafa ganzi, nikawa navuta klachi bila kuhisi nimeivuta kiasi gani. Lori linashuka upande wa pili, limenimwagia ukuta wa maji machafu, kioo cha helmeti kimejaa ukungu. Hapo nikajua nikiendelea naanguka. Nikasimama kwenye nyumba ya kwanza iliyokuwa na moshi.

Bibi wa pale simfahamu, na yeye hanifahamu. Nilipomwambia shikamoo alijibu marahaba huku ameshanishika mkono kunivuta ndani. Akanipa kitenge nijifunge, akasogeza jiko, akanipa kahawa ya moto isiyo na sukari, ya shambani kwake. Akanitazama nilivyokuwa natetemeka, akasema: "Mwanangu, juu mkavu, chini umelowa hivi, umevuka mto?" Nilishindwa kumjibu. Nilikuwa nimevaa nguo ya elfu thelathini na tano ili nisilowe.

Sasa hilo la mshono ningeweza kulimeza. Vitu vibovu tunanunua kila siku. Kilichonifanya niandike ni siku niliyoirudisha dukani.

Sikwenda kwa ugomvi. Nilisalimia, nikamkumbusha kijana kuwa ni mimi, nikaweka suruali juu ya meza nikiwa nimeigeuza, nikaomba maji kwenye kikombe. Nikayamimina pale kwenye makutano ya mishono. Tulingoja kidogo tu, meza ikalowa chini. Nikamwambia, mdogo wangu, umeona mwenyewe, nibadilishie nyingine au nirudishie hela ya suruali. Hakuangalia hata meza. Akanionyesha kwa kidole karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamweleza kwamba sijabadili mawazo, kitu hakifanyi kazi niliyouziwa. Ndipo akasema, kwa sauti ya kuwafurahisha wenzake waliokuwa wamekaa kwenye matairi: "Kwani dada na wewe, mwanamke na pikipiki kwenye mvua ya milimani unatafuta nini? Si ungepanda gari?"

Wakacheka.

Nimeendesha barabara ile miaka kabla yule kijana hajajua kufunga nati. Nimebeba miche ya kahawa kwenye keria, nimebeba mabomba ya kupulizia dawa, nimevuka matope mekundu yanayoganda chini ya madigadi mpaka tairi inagoma kuzunguka, ukatoa kwa kijiti, ukaenda hatua mia, ukatoa tena. Naulizwa natafuta nini! Natafuta mkate wangu na mkate wa wakulima wanaonisubiri. Na hata kama ningekuwa napanda Manyovu kwa starehe zangu tu, pesa niliyompa haikuwa na jinsia. Angeniambia "dada, mzigo umekuja mbovu, samahani," ningeondoka na suruali yangu kwapani na nisingeandika neno. Ile karatasi ya ukutani nayo isiwatishe watu: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji aliyeuziwa kitu kisichofaa kwa kazi aliyoambiwa. Nilimtajia. Akaniambia niende huko kwenye sheria.

Kwa hasira ile nilitaka kuandika siku hiyo hiyo kwamba suti nzima ni takataka. Nimeshindwa, kwa sababu koti si takataka. Nimeshalivaa kwenye mvua za kila aina tangu hapo na halijanisaliti. Sijawahi kuwa na koti zuri kuliko hili, na inaniuma kulisema. Miaka ya nyuma tulikuwa tunafunga mifuko ya rambo miguuni na mikononi, na hiyo nayo ikaisha tarehe 1 Juni 2019 ilipopigwa marufuku mifuko ya plastiki. Kifuani nilikuwa naweka gazeti au kipande cha boksi kuzuia upepo. Koti hili limeniachisha gazeti. Kwa mikono bado navaa glavu za sufu na juu yake zile za mpira za kuoshea vyombo, na kioo cha helmeti nakipaka sabuni kidogo kwa ndani, nafuta kwa kitambaa kikavu, ukungu haukai. Miguuni gambuti, suruali juu ya gambuti, kamwe si ndani.

Na mtu akiwa mkavu, jamani, mvua ya mlimani ni raha ambayo mwenye gari haipati. Vumbi limekufa. Injini inapumua hewa ya baridi na inavuta kwa utulivu, haichemki hata kwenye mlima mrefu. Unanusa udongo, unanusa moshi wa kuni kabla hujaiona nyumba, unanusa migomba iliyokatwa. Unajifunza kuisoma barabara: mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo ya kuogopa kuliko zote, maana inainua mafuta na vumbi vilivyolala kwenye lami miezi mingi; ikishanyesha wiki kadhaa lami inakuwa imeoshwa na tairi inashika. Mistari ya rangi unaikwepa. Kwenye kona hukanyagi breki ghafla, unapunguza kabla. Na siku za kurudi jioni, mvua ikikatika ukiwa unashuka, ziwa linaonekana lote mpaka milima ya Kongo ng'ambo, safi, bila ule ukungu wa moshi wa kiangazi. Huwa nasimama. Nasimama hata nikiwa nimechelewa.

Raha hiyo ndiyo niliyoibiwa siku ile, na ndiyo maana siwezi kusema "ah, ni mshono tu."

Suruali nimeitengeneza. Sikwenda kwa fundi cherehani, maana sindano nyingine ni matundu mengine. Nilikwenda kwa fundi pancha wa Mwandiga. Alikata kipande cha tyubu kuukuu, akakikwangua, akapaka solusheni pande zote mbili, akangoja ikauke kidogo, akabandika kwa ndani juu ya ile mishono minne na kugonga kwa nyundo taratibu. Sh 2,000. Nimeshapanda nayo mpaka Manyovu kwenye mvua ya kutwa nzima na nimeshuka mkavu, mkavu kabisa, kama yule kijana alivyoniahidi. Kwa hiyo sasa, ukiniuliza leo, suti hii ni nzuri. Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuvaa.

Lakini nikikumbuka kwamba kilichokosekana ni kitu cha elfu mbili, hasira inarudi upya. Fundi aliyekaa chini ya mwembe na bakuli la maji ameona tatizo kwa kulitazama tu, na kiwanda kizima hakikuliona, na muuzaji aliyelionyeshwa mezani kwake hakutaka kuliona. Basi nasema msinunue. Au kama mtanunua, na najua wengine mtanunua kwa sababu koti mtalipenda, ombeni kikombe cha maji kabla ya kutoa hela. Geuzeni suruali, mimina pale chini, ngoja. Muuzaji akikataa kuleta maji, ondokeni. Na kina dada wenzangu wa kwenye pikipiki, manesi, walimu, maafisa ugani wa vijijini, msikubali kuulizwa mnatafuta nini mvuani na mtu ambaye ameshapokea pesa yenu.

Mimi koti nitalivaa mpaka lichakae. Kwenye lile duka sirudi, hata plagi ikinifia mbele ya mlango wao nitasukuma mpaka Gungu, mtaa mwingine kabisa.