Siku nne za baiskeli ya changarawe Morvan, Ufaransa: njia, tairi na maji

Nimeulizwa mara nyingi kama Ufaransa kuna njia za changarawe ambako unaweza kuendesha nusu siku nzima bila kupigiwa honi. Zipo, na nilizozipenda kuliko zote ziko Morvan, vilima vya eneo la Bourgogne vilivyofunikwa na msitu. Mwanzoni mwa Juni nilitoka Avallon hadi Autun kwa siku nne, kama kilomita 190 kwa jinsi nilivyozungukazunguka. Mimi nimekulia Mafinga, kwenye mashamba ya miti ya Tanzania, kwa hiyo barabara ya kubebea magogo naijua tangu utotoni. Sikutegemea kuikuta tena safari ya saa tatu tu kwa treni kutoka Paris.

Treni inaondokea kituo cha Bercy. Baiskeli niliining'iniza kwenye ndoano ndani ya behewa na sikuilipia kitu. Nilipofika Avallon nilijaza chupa mbili, nikaelekea Vézelay, mji mdogo juu ya kilima wenye basilika ya Maria Magdalena. Hapo ndipo mtawa Bernard wa Clairvaux alipohubiri vita vya pili vya msalaba mwaka 1146. Mandhari yake yanastahili kupanda, lakini kwa baiskeli upande huo haukunifurahisha. Udongo ni wa chokaa na mfinyanzi, mvua ilikuwa imenyesha usiku, na matope yakajaa kati ya gurudumu na uma wa baiskeli unaolishika mpaka nikawa nasukuma huku nikichokonoa kwa kijiti. Kama mvua imenyesha, pita lami mpaka Pierre-Perthuis, hutapoteza chochote.

Baada ya hapo kila kitu kinabadilika. Unavuka mto Cure, unaanza kupanda, na chini ya tairi unakuta mchanga mnene wa matale. Maji ya mvua yanazama mara moja, tairi linashika, na mlio wake ni ule wa kutembea juu ya mahindi yaliyoanikwa. Siku ya kwanza nililala Quarré-les-Tombes, kijiji ambacho kanisa lake limezungukwa na majeneza ya mawe ya kale, zaidi ya mia moja. Nilifika saa mbili usiku jua bado liko juu ya paa. Msimu huo mwanga unakaa mpaka karibu saa nne usiku, usihangaike kukimbizana na muda.

Sasa niseme kuhusu tairi, maana hapa ndipo nilipoumia. Baiskeli niliikodi Paris, euro 50 kwa siku, na niliagiza tairi zenye upana wa milimita 45. Siku ya kuichukua nikaikuta imefungwa za 38. Kijana aliyenihudumia akaniambia zinatosha kabisa, njia za huko ni laini. Nilikuwa na treni ya kuwahi, nikakubali. Siku ya pili, nikiteremka kwenye njia ya magogo kuelekea Dun-les-Places, gurudumu la nyuma liligonga jiwe na rimu ikalia. Tyubu ilikuwa na matundu mawili sambamba, alama ya tyubu iliyobanwa kati ya jiwe na rimu. Nikakaa kando ya senyenge, nikatoa msasa na gundi. Ng'ombe wanane wa Charolais, weupe kabisa, wakasogea mpaka kwenye uzio, wakasimama wananitazama nikisugua mpira. Kwa muda wa kungoja gundi ikauke sikusikia kitu kingine zaidi ya pumzi zao na nzi.

Mzee mmoja alipita na trekta. Akazima injini kabisa, akashuka, akanipa mkono kabla ya kusema lolote. Akaniuliza kama nina kila ninachohitaji, kisha akatazama ramani kwenye simu yangu na kutikisa kichwa. "Hapa usipite, bwana. Wiki hii wanavuna miti. Rudi mpaka kwenye msalaba wa mawe, halafu ushike kushoto." Nikamshukuru, nikaenda alikonielekeza. Kutoka juu niliiona ile njia ambayo ramani niliyoipakua mtandaoni ilinionyesha: makorongo ya magurudumu yaliyofika magotini, maji yametuama, matawi yamelala kila mahali. Ningebeba baiskeli begani saa nzima.

Hili ndilo ninalotaka kila anayekwenda Morvan alishike. Sehemu kubwa ya misitu hiyo imepandwa, na misonobari ya Douglas imetawala pande nyingi, kitalu kwa kitalu, mistari imenyooka kama ya shamba la miti la Sao Hill, kule kwetu Mafinga. Kitalu kikikomaa kinafyekwa chote kwa mara moja. Njia iliyokuwa nzuri mwezi wa nne huenda mwezi wa sita haipitiki, na aliyeichora njia ile mtandaoni hana namna ya kujua. Muulize mtu. Wenyeji wanajua, tena wana uchungu na jambo hilo. Wapo waliochanga fedha zao wakanunua vipande vya msitu wa asili wa mialoni ili visikatwe. Ukitoka kwenye kivuli cheusi cha misonobari ukaingia kwenye mialoni, ndege wanaanza kuimba palepale, na unawaelewa bila kuelezwa.

Ziwa la Settons lilikuwa zawadi ya siku ya pili jioni. Si ziwa la asili, ni bwawa lililokamilika mwaka 1858. Zamani kuni za Paris zilitoka huku: magogo yalitupwa mitoni, yakaelea mpaka mto Yonne na kisha Seine, na maji ya bwawa yalifunguliwa ili kuyasukuma. Njia ya kulizunguka ni kama kilomita 15, tambarare, ya changarawe safi. Nikaizunguka asubuhi ya siku ya tatu kabla ya chai, ukungu bado umelala juu ya maji. Mtu mwenye watoto aje hapa tu, inatosha.

Château-Chinon nilipita kula na kununua tyubu nyingine. Ni mji ambao François Mitterrand alikuwa meya wake kuanzia 1959 hadi 1981, alipochaguliwa kuwa rais.

Siku ya nne nilipanda Mont Beuvray, kilipokuwa Bibracte, mji mkuu wa Aedui, kabila mojawapo la Wagauli, wenyeji wa kale wa Ufaransa. Vercingetorix alithibitishwa hapo kuwa kiongozi wa Wagauli mwaka 52 kabla ya Kristo. Baiskeli niliiacha chini kwenye makumbusho, nikapanda kwa miguu kati ya miti mizee iliyojipinda. Miinuko ya Morvan ni mifupi ila mikali, kilele cha juu kabisa, Haut-Folin, ni mita 901 tu. Chukua gia ndogo kuliko unavyodhani utahitaji, hasa ukibeba mizigo.

Kuhusu maji na chakula: vijiji ni vidogo, na mchana duka la mikate hufungwa mpaka alasiri. Jumatatu huenda lisifunguliwe kabisa. Nunua mkate asubuhi. Maji nilichota makaburini. Kila kijiji kina makaburi, na mara nyingi bomba liko karibu na lango, la kumwagilia maua. Funga lango unapotoka, na soma kibao kwanza: *eau non potable* maana yake usinywe. Vitanda katika nyumba za wasafiri nililipa wastani wa euro 25, na mara zote baiskeli ililala ndani, kwenye banda lililofungwa.

Njia naipa nyota tano kati ya tano. Huduma ya kukodi naipa mbili, kwa sababu ya zile tairi. Mwezi wa tano mwakani narudi na baiskeli yangu mwenyewe, tairi za milimita 50, na nitaanzia moja kwa moja Quarré-les-Tombes. Yule mzee wa trekta alinielekeza njia nyingine inayofuata bonde la Cure mpaka kwenye maporomoko ya Gouloux, akaniambia huko hakuna kilichokatwa tangu alipokuwa mtoto.