Kufuli janja la mlango wetu Mamboleo: kwa nini liligoma, na lilivyotulia

Siku iliyonifanya nikae chini na kufuli hili, linalofunguliwa kwa namba au kwa simu, ilikuwa Jumanne moja ya Machi, saa kumi jioni. Mama alikuwa amekuja kutoka Siaya kutibiwa macho, akikaa kwetu Mamboleo, hapa Kisumu. Wingu lilipotanda upande wa Riat alitoka kuanua nguo, na baada ya dakika tatu mlango ukajifunga nyuma yake kama nilivyoupanga. Mimi nilikuwa kazini mjini. Akapiga simu: "Mwanangu, nifungulie, mvua imeanza." Nikabonyeza. Kiduara kikazunguka kwenye simu, kikazunguka, kisha yakaja maneno kwamba kifaa hakipatikani. Nikajaribu mara sita. Nikamtajia namba yangu ya siri aibonyeze mlangoni, lakini asubuhi hiyo alikuwa ametiwa dawa ya macho, namba hazikuonekana vizuri, na alipokosea mara tano kufuli likakataa kupokea namba nyingine. Alijibanza kwenye kibaraza cha jirani dakika arobaini hadi nilipofika kwa bodaboda na ufunguo wa kawaida. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Kwani kitasa cha zamani kilikuwa na kosa gani?"

Swali hilo lilinikaa. Nilitaka kuling'oa kufuli usiku uleule. Nashukuru sikufanya hivyo, kwa sababu baada ya miezi minne ya kulifuatilia nimeona kwamba kufuli lenyewe halikuwa na ubovu wowote. Naandika haya kwa ajili ya yeyote aliyenunua kitu kama hiki na sasa anakaribia kukitupa.

Langu ni la kubonyeza namba, linatumia betri nne za AA, na ndani lina mota ndogo inayosukuma komeo. Linawasiliana kwa Zigbee, redio ya nguvu ndogo ya vifaa vya nyumbani, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 inayoendesha Home Assistant, programu ya kuongoza vifaa vya nyumba. Chapa ya kufuli siitaji, maana karibu kila nililokutana nalo lingelikumba kufuli lolote la aina hiyo kwenye nyumba kama yetu: kuta za mawe, mlango wa mbao ngumu, na mbele yake grili ya chuma.

Nilichukua daftari la hesabu la mtoto lililobakiza kurasa, nikawa naandika kila mara kufuli linapokataa: saa ngapi, mvua imenyesha au la, stima ipo au imepotea, simu imesema nini. Wiki tatu tu zilitosha mambo kujitenga. Kulikuwa na kimya, yaani natuma amri na mlangoni hakusikiki chochote. Na kulikuwa na kukwama: mota inalia, komeo linatoka nusu, linarudi, taa nyekundu inamulika. Kimya kilikuja hasa jioni. Kukwama kulikuja baada ya mvua. Haya ni magonjwa mawili, na dawa ya moja haigusi lingine. Kabla ya hapo nilikuwa nikiyatibu pamoja, nabadilisha betri, nawasha na kuzima rauta, nasasisha programu, na sikufika popote.

Nianze na kimya, kwa sababu ndicho kilichomnyeshea Mama mvua. Kufuli la betri haliwezi kusikiliza redio saa zote, betri zingeisha upesi. Kwa hiyo hulala, huamka kidogo na kuuliza kifaa kimoja kilicho karibu kama kuna ujumbe wake. Kifaa hicho mafundi hukiita mzazi. Katika Zigbee, vifaa vinavyokula stima ya ukutani, kama balbu na plagi janja, ndivyo hupokezana ujumbe, na vile vya betri havipokezi. Nilipofungua ramani ya mtandao kwenye kompyuta nikaona mzazi wa kufuli letu ni balbu janja ya korido. Balbu hiyo ina swichi ya ukutani kama taa nyingine yoyote. Na Mama, kama mtu yeyote aliyezoea kununua tokeni kwa pesa yake, hatoki chumbani bila kuzima taa. Aliizima akienda kuanua nguo. Mzazi akakata roho, na kufuli likabaki likiuliza bila kujibiwa. Kufuli la namna hii linaweza kujitafutia mzazi mwingine, ila letu lilichukua muda mrefu, na mzazi aliyebaki alikuwa sebuleni, nyuma ya kuta mbili za mawe.

Sikuthubutu kumwambia Mama aache kuzima taa. Nyumba ndiyo inayopaswa kumfuata mtu. Niliondoa balbu janja ya korido nikarudisha ya kawaida, kisha nikanunua plagi janja mbili zinazopokeza mawimbi. Ya kwanza niliichomeka nyuma ya friji, kama mita tatu kutoka mlangoni. Soketi zetu Kenya nyingi zina swichi yake, na nilichagua ile kwa kuwa hakuna mkono unaofika pale. Halafu nikalitoa kufuli kwenye mfumo na kuliunganisha upya likiwa palepale mlangoni, na grili imefungwa kama inavyokuwa kila siku. Ukiliunganishia mezani karibu na kompyuta, linaweza kung'ang'ania mzazi wa mbali hata baada ya kulifunga mlangoni.

Hilo peke yake lilipunguza kimya kwa sehemu kubwa. Kilichobaki kilikuwa cha saa moja hadi saa nne usiku, wakati majirani wote wako kwenye Wi-Fi. Zigbee na Wi-Fi ya kawaida hutumia masafa yaleyale ya gigahezi 2.4. Zigbee ina chaneli 16, kuanzia 11 hadi 26, na yangu ilikuwa 11, ambayo huangukia ndani kabisa ya chaneli 1 ya Wi-Fi. Nilihamishia Zigbee kwenye 25, iliyo juu ya ukingo wa chaneli 11 ya Wi-Fi, na Wi-Fi yetu nikaiacha kwenye 1. Jiandae kwamba vifaa vingine havitahama vyenyewe, itabidi uviunganishe upya kimoja kimoja. Mimi ilinila Jumamosi nzima.

Jambo jingine dogo lakini kubwa: kidude changu cha Zigbee, kile cha USB kinachoipa kompyuta redio hiyo, kilikuwa kimechomekwa ubavuni mwa diski iliyo kwenye tundu la bluu la USB 3. Matundu hayo na nyaya zake hutoa kelele ya redio kwenye masafa hayohayo ya 2.4, na Intel walilieleza hilo waziwazi mwaka 2012. Nilikitoa, nikakiweka kwenye tundu jeusi la USB 2 kwa waya wa mita moja, mbali na diski na mbali na rauta. Nguvu ya mawimbi ikapanda papo hapo. Kati ya shilingi zote nilizotumia, waya ule ndio uliokuwa na thamani kuliko vyote.

Sasa kukwama. Hapa kompyuta haikusaidia kitu, alisaidia fundi seremala kutoka Kibuye, mzee mwenye randa iliyochakaa mpini. Sikumweleza habari za redio. Nilimwambia tu mlango unakataa kufunga baada ya mvua. Aliufunga polepole mara nne, sikio likiwa karibu na fremu. Akachukua chaki, akapaka ncha ya komeo, akazungusha kwa mkono, akafungua. Alama nyeupe ilikuwa kwenye ukingo wa chini wa kibati cha fremu, mstari mwembamba kama uzi. Kisha akaingiza kijiti kwenye tundu, akakipima na komeo, akanionyesha kwamba tundu lilikuwa fupi: komeo lilikuwa likigonga mbao kabla ya kutoka lote.

"Ukifunga kwa ufunguo," akaniambia, "unauvuta mlango kidogo kwa mkono wa pili bila kujua. Hiki kidude hakina mkono wa pili."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo, na nimesoma mengi. Skrubu za bawaba ya juu zilikuwa zimelegea, mlango umeshuka. Aliweka skrubu ndefu zinazoshika fremu yenyewe, akapanua kibati kwa tupa, akaongeza kina cha tundu kwa patasi, akaranda ubavu uliokuwa ukivimba. Kabla hajaondoka nilimwomba apake vanishi ukingo wa juu na wa chini wa mlango, sehemu ambazo mafundi wengi huziacha tupu kwa kuwa hazionekani, na ndimo mbao hunywa unyevu. Kazi ilimalizika kabla ya chakula cha mchana.

Kipimo changu tangu siku hiyo ni hiki: mlango ukiwa umefungwa, bila kuusukuma wala kuuvuta, zungusha komeo kwa vidole viwili. Likikwaruza popote, mota nayo inateseka, na betri zinalipia. Ningemwomba kila anayeuza makufuli haya amwonyeshe mteja jambo hilo kabla ya kutaja simu.

Kuhusu betri nilikuwa na makosa mawili. Nilitumia za kuchaji nikidhani naokoa pesa. Betri ya kuchaji ina volti 1.2, ya alkali ikiwa mpya ina 1.5, kwa hiyo nne zinampa mota volti 4.8 badala ya 6. Zaidi ya hapo, ya kuchaji hukaa karibu kiwango kilekile kisha huporomoka ghafla, na asilimia unayoiona kwenye simu inakudanganya hadi dakika ya mwisho. Soma kijitabu cha kufuli lako, lakini langu lilisema wazi alkali tu, nami sikuzingatia. La pili, nilikuwa nimeiamuru kompyuta iliulize kufuli hali yake kila nusu dakika. Kila swali huliamsha. Sasa nasubiri litoe habari lenyewe linapofunga au kufungua, na betri zilizokuwa zikiisha kabla ya mwezi zina mwezi wa tatu.

Stima ikipotea, plagi ya nyuma ya friji hufa pamoja na friji. Kisumu ina radi nyingi, na stima hukatika wakati wa mvua, saa ileile watu wanapokimbilia ndani. Nimeweka kompyuta na rauta kwenye UPS ndogo, yaani betri ya akiba inayoshika stima ikipotea, na badala ya plagi ya pili nikaweka ripita, kifaa cha kupokeza mawimbi, inayotumia waya wa USB, nayo iko kwenye UPS hiyohiyo, ukutani kwenye korido. Kwa njia hiyo njia moja ya kufika mlangoni hubaki hai. Intaneti ikikatika hakuna shida nyumbani, kwa kuwa amri zote zinaamuliwa hapahapa ndani. Nisipokuwa nyumbani, ni kweli, naihitaji, na ndiyo maana simu haiwezi kuwa tegemeo pekee la mtu aliye nje.

Kwa hiyo kila mmoja wetu ana namba yake, na ya Mama niliichagua pamoja naye: tarakimu anazoweza kuzipapasa kwa mpangilio wa vidole hata asipoona. Nilibandika nukta ndogo ya gundi kwenye tano. Ufunguo wa chuma uko kwa jirani yuleyule wa kibaraza. Kujifunga kwenyewe nimekuongeza kutoka dakika tatu hadi kumi. Amri ikishindwa, kompyuta hurudia mara moja baada ya sekunde tano, kisha hunitumia ujumbe. Kurudia zaidi ya hapo ni kuchosha mota iliyokwama.

Yapo ambayo bado siyapendi. Mlio wa kufuli ni mkali usiku wa manane na hauwezi kupunguzwa, ni kuuzima au kuuacha. Jua la alasiri likipiga mlangoni, namba hazisomeki. Na kufungua kwa simu huchukua sekunde mbili hivi, ambazo mtu mwenye mizigo mkononi huziona ndefu. Ningelinunua tena? Ndiyo, ila ningemwita fundi seremala wiki moja kabla ya kulifunga.

Daftari lina kurasa mbili za Machi zilizojaa, na za Julai hazijafika nusu mstari: mara moja tu, betri zilipokuwa nje. Mama amerudi wiki iliyopita kwa kliniki ya macho. Juzi alitoka kuanua nguo, akazima taa ya korido kama kawaida yake, mlango ukajifunga. Nilikuwa mezani nikimtazama kupitia dirisha. Alisimama, akaweka kidole kwenye ile nukta, akahesabu kutoka hapo, na komeo likarudi bila kukwaruza.