Uzoefu wangu: Watu wa ketaringi ya harusi kulisha vijana wa kutoa matope Mchikichini

Naandika hii kwa sababu najua masika yakija kuna mtu atabebeshwa zigo nililobebeshwa mimi. Masika ya 2024 tulikuwa Mchikichini, Dar, tunasaidia kutoa matope kwenye nyumba za watu baada ya mto Msimbazi kupanda, vijana 45, wengine zamu ya mchana wengine usiku na pampu, na mimi ndo nikaambiwa shughulika na msosi. Na ilikuwa Ramadhani, kwahiyo kuna wa lanchi, kuna wa futari, kuna wa daku, hesabu yenyewe tu inaumiza kichwa.

Nikachukua watu wa ketaringi wa upande wa Magomeni, jina siweki, kazi yao hasa ni harusi na sendofu. Tukakubaliana buku sita kwa sahani, maji ya kunywa humohumo, advansi nusu.

Siku ya kwanza wamekuja na vitambaa vya meza na madada wawili wamevaa sare nyeupe. Nyeupe jamani, Mchikichini, matope yako magotini! Chakula kitamu sikatai, ila vijana wakaona aibu hata kusogea, mmoja kavua glavu kwa meno kaiangalia ile sahani ya kioo akaniuliza "bosi, hii nikivunja nakatwa?" Halafu mtu ana dakika ishirini za kupumzika, foleni ya bufee anaipanga saa ngapi.

Nikawaambia kesho leteni kwenye tekiawei. Hapo nakiri na mimi nilichangia. Kesho yake maji yakajaa Jangwani, Barabara ya Morogoro ikafungwa, gari la msosi likazunguka Kinondoni, Salenda, likapita mjini na foleni yake yote. Wamepakia saa nne asubuhi, tumepokea saa nane kasoro. Wali na maharage ya nazi. Mtu wa pwani yeyote akisikia nazi ndani ya boksi lililofunikwa kwa masaa yote hayo na joto la Dar haitaji kuambiwa zaidi. Nafungua la kwanza naona kipovu pembeni na harufu ileee. Nikapiga kelele hakuna kula, lakini wawili walishamaliza kitambo, wana njaa hao.

Usiku wakaanza kuharisha. Sasa hapa ndo watu hawaelewi, yale matope yamechanganyika na vyoo vya shimo, mtu akiharisha huwezi kujua ni maharage au kipindupindu, inabidi umtoe kazini, umkimbize zahanati, uanze kuwaangalia wenzake wote kwa wasiwasi. Bahati nzuri ikaishia kwenye ORS. Ila nilimpigia simu meneja wao akanijibu "chakula kimetoka jikoni kizima." Kaka, kimetoka jikoni kizima ndiyo, sisi hatulii jikoni kwako!

Siku ya tatu kaja mama mwenye biashara mwenyewe na kirikuu. Nikamwamkia, akaitikia, akasema "mwanangu nimekosea, nilikuwa nawapikia kama bwana harusi." Na kuanzia hapo nyota ninazowapa zinapanda, kwa sababu yule mama alibadilisha kila kitu. Chakula kinakuja kwenye mahotpoti makubwa kinapakuliwa palepale, ana kipimajoto cha kuchomeka, kikishuka chini ya nyuzi 60 kinarudi jikoni (kilirudi mara moja tu, pilau, vijana nusura walie). Nazi akaifuta kwenye lanchi. Akaleta ndoo mbili za koki na sabuni, akaziweka kabla ya chakula siyo baada, hunawi hupewi. Chapati kazikunja kwenye karatasi, unashika karatasi unakula huku mkono haugusi, na ndizi mbivu kwa wingi maana ndizi ganda lake ndo foili yake.

Futari ndo alimaliza kabisa. Tende, mihogo ya nazi imetoka jikoni muda huohuo, uji wa pilipili manga kwenye chupa za chai, na wasiofunga nao walikuwa wanajisogeza pale magharibi kama hawajala lanchi. Zamu ya usiku walikuwa wananiuliza uji kabla hawajaniuliza dizeli ya pampu.

Malipo sasa. Bili imekuja na zile sahani za siku ya pili ndani yake, zote, pamoja na tulizomwaga. Tukabishana siku mbili kwenye simu na yule meneja, mama akaingilia tukalipa nusu, nikaona yaishe. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, niliifuatilia wiki nzima.

Ningewachukua tena? Ndiyo, ila naongea na mama siyo meneja, na nauliza kwanza gari lao litapita njia gani Jangwani ikijaa. Ndoo yao moja ya koki bado iko kwangu, waje waichukue.