Uzoefu wangu: banda la gemu la Mwanga, saa moja iliyouzwa mara mbili, na upanga ambao sikuuchagua

Nianze na nyota ili mwenye haraka asipoteze muda wake: moja. Banda sitalitaja. Mwenye nalo simjui na ugomvi wangu si wake. Ila kama unakaa Mwanga, hapa Kigoma mjini, na unalijua banda la gemu lenye pazia la kitenge cha bata mlangoni, basi ushajua nazungumzia wapi. Pazia lenyewe nimelishona mimi, na hela ya uzi sijamaliziwa mpaka leo, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Pale watu wanacheza mpira. Jero mechi moja, aliyefungwa anampisha mwenzake, kelele mpaka usiku. Ila kwenye kona kuna PS4, mashine ya gemu ya zamani, inayokodishwa kwa saa, buku saa moja, na hiyo ndiyo yetu sisi wachache wenye ugonjwa wa Elden Ring, gemu la kupigana na maadui kwa silaha. Limetoka lini, linakula nafasi kiasi gani kwenye mashine, hayo yamejaa kila mahali, mtayatafuta. Mimi nina habari ya silaha, na habari ya dogo anayekaa pale mlangoni na daftari.

Kwenye gemu lile silaha haichaguliwi kwa macho. Kila moja ina masharti yake: nguvu kiasi fulani, wepesi kiasi fulani, nyingine zinataka akili, nyingine imani. Usipoyatimiza hukatazwi kuishika, utaishika vizuri tu, lakini unapiga kama unapapasa. Halafu kuna herufi, kuanzia E mpaka S, zinazokuonyesha silaha inavuna kiasi gani kutoka kwenye alama ulizojijengea. Unaweza kuwa na wepesi wa paka, ukashika nyundo isiyojali wepesi, na jasho lako lote likaenda bure. Na uzito! Uzito watu wanausahau kabisa. Ukivuka asilimia 70 ya mzigo unaoweza kubeba, mtu wako haviringiki tena kwa wepesi kukwepa pigo, anadondoka kama gunia la mihogo lililoteleza kwenye baiskeli, na hapo hata panya anakuua. Wageni wanaona jipanga kubwa kuliko aliyelibeba, mate yanawatoka, wanalivaa, halafu wanakuja kulalamika gemu ni gumu.

Mimi nilianza na samurai, mmoja wa wapiganaji unaochaguliwa mwanzoni. Upanga anaozaliwa nao, Uchigatana, unataka nguvu 11 na wepesi 15, na yeye anazo zote mbili tangu dakika ya kwanza. Nguo iliyokatwa kwa kipimo chake. Unakata haraka, na ukimkata adui mfululizo damu inamjaa jeraha juu ya jeraha, halafu inamfumka kwa mkupuo, uhai unashuka kipande kizima. Nilimaliza wiki kadhaa hivyo, sina deni na mtu.

Kitu kingine, mnisikilize vizuri maana hapa ndipo lilipo jeraha langu, ni mawe. Silaha za kawaida zinanolewa na mhunzi mpaka alama ya 25, na kila hatua inakula mawe. Hatua tatu za mwanzo zinataka mawe ya daraja la kwanza: mawili, kisha manne, kisha sita. Tatu zinazofuata hesabu ni ileile, ila ya daraja la pili. Uchigatana wangu ulikuwa kwenye 3. Nikawa nadunduliza mawe 12 ya daraja la pili ili niupandishe mpaka 6 kwa siku moja, maana mimi ndivyo nilivyo, hata vifungo sianzi kushona mpaka viwe vimetimia. Pembeni nilikuwa na mengine 12 ya daraja la kwanza niliyoyawekea upinde. Jumla mawe 24. Nimeyaokota moja moja, mashimoni, kwa buku saa moja. Pigeni hesabu wenyewe.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa zile siku za mbalamwezi, na wa Kigoma mnajua maana yake: dagaa hawafuati taa mwezi ukiwa umejaa, kwa hiyo wavuvi wako nyumbani, na wavuvi wakiwa nyumbani banda linafurika. Nililipia saa mbili. Saa ya kwanza yote nilikuwa kwenye mgodi mmoja wa ndani ya gemu, Raya Lucaria, kwa yule bosi wa kioo, yaani adui mkubwa wa mahali pale. Mtu mzima wa kioo, anarusha pete yenye makali. Nilimpiga na upanga wangu mzuri mwepesi, mlio tu, kama unakwangua chupa kwa kisu. Damu hana, kwa hiyo lile fumko langu la damu kwake ni hadithi. Nikafa, nikafa tena, nikafa mpaka watoto wa mpira wakaacha mpira wakaja kunitazama ninavyokufa.

Adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Nikamwambia dogo, "Nishikie hapo, nina saa yangu nzima, naswali narudi." Akasema, "Poa fundi, hamna noma." Naomba hilo "hamna noma" lihifadhiwe.

Nikaswali, nikapita kwa mama nikala ugali wa muhogo na mgebuka mmoja. Sikukaa. Labda nilikaa kidogo. Narudi, kiti changu kina mgongo mpana wa mtu mwingine, na kwenye skrini samurai wangu, mtoto wangu mwenyewe, amelishika kwa mikono miwili lile jipanga linaloitwa Greatsword. Nilikuwa nimeliokota zamani huko Caelid, jimbo mojawapo la gemu, kwenye sanduku la mkokoteni, nikalitia mfukoni nikalisahau, maana linataka nguvu 31 na mimi nilikuwa na 16. Uzito wake 23! Mtoto amevuliwa nguo karibu zote ili aweze kuviringika. Amebaki na suruali na kofia.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini yule bwana aligeuka, nikaona mvi, nikajikuta nimesema, "Shikamoo."

"Marahaba fundi. Huyu wako alikuwa na njaa, nimemlisha."

Nikafungua mkoba wa vitu. Mawe ya daraja la kwanza: hakuna. Daraja la pili: hakuna. Greatsword: 6. Uchigatana: 3, palepale nilipouacha. Runi zangu nazo, hela ya kule ndani, zimepandisha nguvu kutoka 16 mpaka 21. Na kama hujawahi kucheza gemu hili, elewa kwamba linajisevu lenyewe kila unapofanya jambo. Hakuna kurudi nyuma. Hakuna "nilikuwa najaribu tu". Kitambaa kikishakatwa kimekatwa.

Nikamgeukia dogo. Nikamuuliza, kwa upole, naapa kwa upole, saa yangu iko wapi. Akafungua daftari, akaweka kidole. "Saa yako imetumika, fundi."

"Imetumika na nani?"

"Si mashine imewaka? Mashine ikiwaka saa inatembea."

"Na huyu mzee amekulipa?"

Kimya. Kwenye daftari, mstari wa chini ya jina langu, pameandikwa buku. Saa moja, kiti kimoja, pedi moja, na buku mbili. Mimi nikimshonea mteja gauni nikamuuzia na jirani gauni hilohilo nitafungwa. Nikamwambia hivyo. Akacheka, akasema mbele ya watoto wote, "Sasa fundi, mashine si yako, gemu si lako, unalilia nini? Na kisu chako kile cha kumenyea viazi ungemuua nani?"

Kisu cha kumenyea viazi. Kwa hiyo nyota moja, na hiyo moja ni ya feni.

Nilikuwa natafuta viatu vyangu niondoke nisirudi tena, na ningekuwa nimeondoka kweli, ila yule mzee hakuwa ameacha kucheza. Alikuwa anaingia kwa bosi wa kioo. Nikasema ngoja nione anavyokufa, walau nifurahi.

Hakufa. Hakuwa hata fundi wa vidole, alikuwa anabonyeza polepole kama mtu anayevuta kamba. Anangoja pete ipite, anaruka, anashusha lile jipanga kwa mikono miwili. Pigo la kwanza, mlio uleule wa chupa. La pili, hivyohivyo. Mapigo machache baadaye yule mtu wa kioo akapiga goti, na baada ya kupiga goti kila pigo lilikuwa linaingia kweli, uhai unamegeka kama mkate.

"Huyu hakatwi, fundi," akasema bila kunitazama. "Huyu anavunjwa."

Ndipo aibu iliponishika, na sikuipenda. Kwa sababu mimi, mimi ninayewafokea wanafunzi wangu wanapoweka sindano namba 14 ya kitenge kwenye jinzi halafu wanashangaa inakatika, nilikuwa nimekaa wiki nzima na sindano ya kitenge kwenye jinzi. Nilichagua silaha kwa mwili wa samurai wangu na sikuwahi kuuangalia mwili wa yule niliyekuwa nampiga. Na lile sharti la nguvu 31 nililiogopa bure: ukishika silaha kwa mikono miwili nguvu zako zinahesabiwa mara moja na nusu, kwa hiyo 21 zinatosha. Nilikuwa nimelisoma hilo. Mzee hakusoma popote. Aliniambia alijaribu tu, akaona alama nyekundu ya sharti lisilotimia imepotea.

Basi nyota mbili. Tatu? Ngojeni.

Maana yule bosi akifa anadondosha kengele ya wachimba mgodi. Ukiipeleka kwa wale mapacha wenye duka kule Roundtable Hold, makao ya ndani ya gemu, wanaanza kukuuzia mawe ya kunolea. Ya daraja la kwanza na la pili. Yaleyale! Mzee alichoma mawe yangu 24 kwa dakika chache, halafu akanifungulia duka la mawe. Nilibaki nimesimama na kiatu kimoja mkononi, sijui nimshukuru au nimdai.

Nilimdai dogo. Nikamwambia sitaki mawe, sitaki pole, nataka saa yangu au buku yangu. Akasema nije kesho. Kesho yake akasema mwenye banda kasafiri. Siku nyingine akasema kwenye daftari inaonekana nilicheza. Na hapo ndipo tatu zinarudi kuwa moja, kwa sababu msinichanganyie mambo mawili: mzee kuwa na akili ya silaha hakumfanyi dogo awe mwaminifu. Ningekuta mtoto wa miaka kumi kwenye kile kiti, asiyejua herufi E na S, angenoa hata ngao, na jibu la daftari lingekuwa lilelile. Bahati yangu si huduma yao. Wameniuzia bahati kwa bei ya saa.

Kwa anayeanza gemu hili, na najua mpo maana mnakuja kuniuliza dukani badala ya kuleta nguo: chukueni silaha mnayotimiza masharti yake, noeni hiyo moja kwanza, msitawanye mawe kama mimi na upinde wangu ambao sijaugusa mpaka leo. Halafu wekeni moja nzito mfukoni kwa ajili ya wasio na damu. Mimi sasa natembea na zote mbili. Uchigatana nimeununulia mawe kwa mapacha, umefika 6, na bado kwa moyo wangu ndio upanga. Lile jipanga nalitoa nikikutana na maadui wa mawe na wa vioo, na kila nikilitoa nasikia sauti ya yule bwana. Nguo za samurai nimemrudishia, nilipunguza ngao ili uzito usizidi.

Kama nimekwenda tena pale? Nimekwenda. PS4 yenye Elden Ring hapa mtaani siijui nyingine, na mtu wangu yuko ndani ya ile mashine. Nilinunua flashi, nikamwomba dogo anihamishie mtu wangu humo niwe naye mfukoni. Akaniambia kuhamisha ni jero.

Nimelipa. Mwezi umeshakuwa mdogo, mzee yuko ziwani, amemwachia dogo kisado cha dagaa anipe, na ujumbe kwamba akirudi nisiwe nimempiga bosi anayefuata bila yeye. Dagaa nimewapata. Kisado hakikuwa kimejaa.