Begi la Mgongoni la Safari ya Dar hadi Cape Town: Lipi Mchukue, Lipi Mliache Dukani

Mke na mume wanaojipanga kwenda Cape Town kwa treni na mabasi watanunua vitu vingi, lakini hakuna kitakachowachosha au kuwapumzisha kama begi. Kati ya uhamiaji wa Zambia na wa Zimbabwe, wasafiri wengi huvuka kwa miguu daraja la Victoria Falls, lile lililofunguliwa mwaka 1905, na mzigo wote uko mgongoni. Begi lisiloweza kuvuka hapo bila kukuumiza halifai, hata kama umepewa bure.

Kabla ya bei, kuna hili: nunueni mawili. Wengi huwaza begi moja kubwa la lita 80 alibebe mume, mke ashike mkoba. Msifanye hivyo. Kwenye treni ya TAZARA, katika reli ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, wanaume na wanawake hulala vyumba tofauti msipolipia chumba kizima. Daraja la kwanza lina vitanda vinne kwa chumba, la pili sita. Mswaki, kanga na dawa zikiwa kwenye begi la mwenzako, kila haja ndogondogo itakupeleka kugonga mlango wa watu waliolala. Kila mmoja awe na lake la lita 40 hadi 50, na likijaa lisizidi kilo 12. (Ulizeni pia mapema kama treni inatembea wiki hiyo, maana ratiba hubadilika.)

1. Mtumba wa chapa inayoaminika

Hili naliweka juu bila kusita. Nendeni Karume kwa walio Dar, Memorial kwa walio Moshi, Gikomba kwa wanaoanzia Nairobi. Moshi ina bahati yake: ni mji wa wapanda Kilimanjaro, kwa hiyo vifaa vya mlimani havikosekani. Tafuteni Deuter, Osprey, Lowe Alpine au Karrimor zenye fremu mgongoni na mkanda mnene wa kiunoni.

Ukilipata, usianze na bei. Ingiza mkono hadi chini kabisa, sugua kitambaa cha ndani kwa kidole gumba. Kikinata, kikibanduka magamba au kikitoa harufu ya uchachu, utando wa kuzuia maji umeshakufa na hakuna fundi wa kuurudisha. Endesha zipu mwanzo hadi mwisho, hasa kwenye kona. Kisha omba ulijaze: chupa sita za maji za lita moja na nusu ni kilo 9, uzito wa kutosha kukuonyesha ukweli. Funga mkanda wa kiunoni kwanza, ukae juu ya mifupa ya nyonga, ndipo ukaze ya mabegani. Mzigo ukishukia kiunoni na mabega yakapumua, ulizia bei. Likikuning'inia matakoni, ni refu kuliko mgongo wako, liache.

Hapa ndipo wenzi wengi hupotea: mume anajaribu moja, ananunua mawili yanayofanana, anampelekea mke nyumbani. Mgongo hupimwa kuanzia mfupa uliochomoza chini ya shingo hadi usawa wa nyonga, na mtu mfupi anaweza kumzidi mrefu kwa kipimo hicho. Nendeni sokoni wote wawili, mkajaribu wote wawili.

2. Jipya la chapa, la kuagiza

Osprey hutengeneza Farpoint, na Fairview kwa ajili ya miili ya wanawake. Hufunguka mbele kama sanduku, kwa hiyo afisa wa forodha akitaka kuona vilivyomo, hutalazimika kumwaga nguo mezani. Ni mabegi mazuri sana. Ila bei yake ni kubwa, na nyinyi mnahitaji mawili; mimi fedha hiyo ningeiweka kwenye viza na nauli. Kama mna ndugu Muscat au London anayekuja likizo, mpeni vipimo vya migongo yenu, asichague kwa macho.

3. Jipya la bei nafuu la Kariakoo

Limeandikwa lita 80, lina nembo kubwa, halina fremu. Linafaa safari ya wiki moja. Mkilazimika, chagueni lenye mkanda wa kiunoni uliojazwa sponji, si utepe mtupu.

4. Begi la matairi

Kwenye vumbi na kokoto za stendi, matairi hayana kazi, na begi tupu lenyewe lina uzito wa kutosha. Kwa ndege, sawa.

5. Shangazi kaja

Ni la kuhamia nyumba. Mabega yenu hayastahili adhabu hiyo.

Lolote mtakalochukua, mvua mwipangie. Msitegemee mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania Juni 2019. Nunueni kifuniko cha mvua chenye lastiki, na ndani mfunge nguo kwenye mfuko usiopitisha maji. Kwenye buti la basi adui mara nyingi si mvua, ni ndoo ya dagaa au dumu la mafuta la jirani.

Kabla ya kuondoka, pelekeni mabegi yote kwa fundi viatu, hata likiwa jipya. Aongeze mshono wa uzi wa nailoni pale mikanda ya mabegani inaposhikana na begi, sehemu ya juu na ya chini, kwa sababu utingo atalivuta kwa mkanda huohuo kila kituo. Pasi, kadi za chanjo ya homa ya manjano na fedha zikae kwenye kibegi kidogo cha kifuani, kila mmoja na chake, na kisiingie buti hata siku moja.